Anza na Kiti Kitupu

Ukitaka kujifunza namna Wawelisi wanavyojenga hadithi za jukwaani na za filamu, weka kando kwanza vitabu vya nadharia ukitazame kiti kimoja. Kipo Yr Ysgwrn, nyumba ya shambani karibu na Trawsfynydd, kaskazini mwa Wales. Ni cha mti wa mwaloni, kimejaa nakshi, na mwenyewe hakuwahi kukikalia.

Mwenyewe ni Ellis Humphrey Evans, kijana wa kuchunga kondoo aliyetunga mashairi kwa jina la Hedd Wyn. Mwaka 1917 alipeleka shairi refu kwenye Eisteddfod ya Taifa, tamasha ambalo mshindi wa ushairi wa arudhi hutuzwa kiti. Washindani hutumia lakabu, kwa hiyo mshindi hajulikani na umati mpaka asimame. Mwaka huo tamasha lilifanyika Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Siku ya tuzo, Septemba 6, tarumbeta zililia na lakabu ikaitwa. Kimya. Ikaitwa tena. Kimya. Mara ya tatu, vilevile. Ndipo umati ukaambiwa kwamba mshindi aliuawa vitani Julai 31, huko Flanders. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Fundi aliyekichonga, Eugeen Vanfleteren, alikuwa mkimbizi kutoka Ubelgiji, nchi ileile alikofia mshairi.

Paul Turner aliongoza filamu ya maisha hayo, Hedd Wyn, iliyotoka 1992 na kuwa filamu ya kwanza ya Kiwelisi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Lakini kabla ya kuitafuta, kaa kidogo na tukio lenyewe. Hakuna anayehutubia kuhusu ubaya wa vita. Kuna sauti inayoita, kuna mahali ambapo mtu angesimama, na kuna kitu kinachobaki. Basi. Kwa mwandishi, hapo pana somo la mwaka mzima.

Kwa hiyo, kabla hujagusa msuko wa hadithi, jiulize: mahali hapa pamepoteza nini? Jibu lisiwe kubwa. Nimesoma miswada mingi inayoanza na "utamaduni unapotea" au "vijana wamesahau asili yao", na kila mara wahusika wanageuka kuwa wahubiri. Tafuta kitu kinachoshikika, kilichobaki baada ya mtu kuondoka au jambo kuharibika: kiti, ufunguo wa nyumba iliyobomolewa, sare iliyopigwa pasi ikakosa wa kuivaa. Kiandike kwa sentensi moja. Kisha andika ni nani anayekiona kila siku, na ni nani asiyeweza kukitazama. Wahusika wako wawili wa kwanza ndio hao.

Baada ya hapo, weka miguu yao ardhini. Wawelisi wana neno cynefin, ambalo kwa mfugaji ni sehemu ya mlima ambayo kundi la kondoo limeizoea hata halihitaji uzio. Watu hulitumia pia kwa mahali panapomjua mtu naye akapajua. Tamthilia ya upelelezi ya Y Gwyll, iliyoanza kuonyeshwa 2013, imesimama juu ya wazo hilo. Mpelelezi Tom Mathias, anayeigizwa na Richard Harrington, anafika Aberystwyth kama mgeni, na kesi yake ya kwanza inampeleka Pontarfynach, penye korongo na maporomoko ya maji. Kinachomkwamisha ni kwamba kila jiwe pale lina mtu anayelijua kuliko yeye. Jaribu hivi: chukua tukio ulilokwisha kuandika, ulihamishe mji mwingine. Likihama bila kuchanika popote, bado hujaandika mahali.

Sasa lugha, na hapa nitakaa zaidi, maana ndipo Wales inapotufaa sana sisi tunaoandika Kiswahili pembeni mwa Kiingereza au Kifaransa.

Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi wapatao 538,000, chini kidogo ya asilimia 18 ya watu wa Wales. Kituo chao cha televisheni, S4C, hakikuja kwa urahisi: mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza kwamba angefunga kula hadi afe iwapo serikali ingevunja ahadi yake ya kituo hicho. Serikali ilirudi nyuma, na S4C ikaanza kurusha matangazo Novemba 1, 1982. Katika nchi yenye historia hiyo, mhusika anayebadilisha lugha katikati ya mazungumzo amefanya tendo, sawa na aliyefunga mlango au aliyechomoa kisu.

Itazame filamu ya Solomon a Gaenor, ya 1999. Ni mwaka 1911, katika mabonde ya makaa ya mawe. Solomon ni Myahudi anayeuza vitambaa mlango kwa mlango. Nyumbani kwao wanazungumza Kiyidi. Akimpenda Gaenor, binti wa familia ya kanisa, anaficha asili yake na kuzungumza naye kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao. Kila neno analomwambia ni la mapenzi na ni la uongo kwa wakati mmoja. Mwandishi hakuhitaji kumpa siri nyingine.

Kuijaribu mbinu hii ya lugha, chukua karatasi, andika majina ya wahusika wako wote, kisha chora mishale: nani anamwambia nani kwa lugha gani. Mama kwa mwanawe. Mwana kwa bosi wake. Askari kwa mtuhumiwa, na mtuhumiwa yuleyule kwa wakili. Ukimaliza, tafuta mshale mmoja tu utakaogeuka ndani ya hadithi, na uupange kama unavyopanga kifo. Mama aliyezungumza Kiswahili miaka yote, siku moja akamjibu mwanawe kwa Kiingereza cha ofisini: hilo halihitaji muziki wa huzuni nyuma yake. Mishale ikigeukageuka ovyo, mtazamaji ataona mazoea ya mtaani tu, na silaha yako itakuwa imeisha makali.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Y Gwyll ilipigwa mara mbili: tukio linaigizwa kwa Kiwelisi, kisha waigizaji walewale wanaliigiza kwa Kiingereza, na toleo hilo la pili likaitwa Hinterland. Njia hii inafungua soko, lakini inakula muda wa kamera, kwa hiyo punguza mandhari na wahusika kabla hujaijaribu. Na usitafsiri mazungumzo neno kwa neno. Mpe mhusika nafasi ya kukasirika upya katika lugha ya pili. Mtunzi Ebrahim Hussein alipoitoa Kinjeketile, tamthilia yake ya Kiswahili, kwa Kiingereza, kazi aliifanya mwenyewe, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa kila mwandishi anapoziweza lugha zote mbili. Mwigizaji asiyeijua lugha naye asikutishe. Eve Myles, nyota wa tamthilia ya televisheni ya Un Bore Mercher, alijifunza Kiwelisi kwa ajili ya kazi hiyo. Mpe tu mswada mapema, na mtu wa kukaa naye.

Kuhusu hadithi za kale nina neno moja: zifiche. Gary Owen aliandika mchezo wa Iphigenia in Splott, iliyofunguliwa 2015 katika ukumbi wa Sherman jijini Cardiff. Mwigizaji ni mmoja, mhusika ni Effie, msichana wa mtaa wa Splott ambaye watu humkwepa njiani. Mtoto wake anafariki kwa sababu hospitali imepungukiwa, na mwishowe yeye ndiye anayebeba hasara ili wengine wasibebe. Iphigenia, binti wa ngano ya Kigiriki aliyetolewa kafara, yupo kwenye jina la mchezo tu. Jukwaani tunamwona Effie peke yake. Ukiichukua ngano ya nyumbani kwenu, ifanye mifupa, usiifanye nguo.

Mbinu ya mwisho nitaitoa Port Talbot, mji wa viwanda vya chuma ambao sehemu yake ilibomolewa kupisha barabara kuu ya M4. Pasaka ya 2011, National Theatre Wales na Michael Sheen, aliyekulia hapo, waligeuza mji mzima kuwa jukwaa kwa siku tatu, saa 72, na wakazi zaidi ya elfu moja walishiriki. Mchezo uliitwa The Passion, na aliyeuandika ni Owen Sheers. Sheen aliigiza Mwalimu aliyepoteza kumbukumbu, ambaye kazi yake ni kuwasikiliza watu wa mji. Hahubiri. Anasikiliza kwa siku nzima nzima, na akiwa msalabani ndipo kumbukumbu inamrudia, naye anaanza kuyataja kwa sauti mambo ya mji ule yaliyopotea. Watu waliokuwa wamesimama pale walisikia kilicho chao kikitajwa.

Nenda basi ukasikilize. Chagua mtaa mmoja uliobadilika, ukae na wazee watatu kwa siku tofauti, na swali liwe moja tu: hapa palikuwa na nini? Usiwakatize, usiwasahihishe miaka. Ukirudi nyumbani, usiandike tukio lolote usiku huo. Andika majina kama walivyoyataja wao, moja kila mstari: duka, mwembe, kinyozi, bendi, mwenye baiskeli ya kukodisha. Kisha yasome kwa sauti, ukinyamaza baada ya kila jina muda wa mtu kuweza kusimama.