Mume Wangu Asema Mashamba ya Waingereza Hayatuhusu

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4, na twakaa Reading, Uingereza. Mume wangu hufanya kazi ya usiku ghalani, nami hufanya usafi hospitalini. Kila likizo watoto wetu hushinda ndani na simu zao, na shule ikifunguliwa mwalimu huwauliza walikwenda wapi, nao hawana la kusema. Nimemwomba mume wangu atutoe siku moja twende mashambani. Hunijibu kwamba yale ni mashamba ya wenyewe. Mwaka jana tulijaribu, tukafika kwenye lango, akatokea mtu akasimama akitutazama, na mume wangu akaturudisha nyuma bila kusema neno. Tangu hapo nikilitaja jambo hili twagombana. Mama mkwe wangu, aliyetoka Pemba kuja kukaa nasi kwa muda, yuko upande wa mwanawe. Asema yeye kazaliwa shamba, hakuja Ulaya kutazama majani na ng'ombe. Nami naona utoto wa wanangu wapita. Nifanyeje?

Mama Watatu, Reading

Dada yangu Mama Watatu,

Nimeisoma barua yako kwa makini, na lililonidhihirikia kwanza ni kwamba mumeo hawanyimi wanawe raha kwa uvivu wala kwa uchoyo. Mumeo ameona haya. Mtu aliyezoea kuwa ngao ya aila yake, akisimama mbele ya lango asilojua kama ana idhini ya kulifungua, ilhali wanawe wanamtazama usoni wakingoja aseme neno, aghalabu huona ni heri arudi nyuma kuliko kukemewa mbele yao. Na tangu siku hiyo kila utajapo mashamba, yeye husikia unaitaja fedheha ile. Ndiyo sababu ugomvi wenu hauishi, kwa kuwa wewe wasema habari ya matembezi naye ajibu habari ya heshima yake. Usimsihi tena, wala usimtolee mfano wa waume wa wenzio. Haya iliyozaliwa na kutojua huondoka kwa ilimu, na ilimu hiyo ipo tele.

Mwambie basi, mkiwa faraghani na kwa maneno ya upole, kwamba katika Uingereza na Wales zimo njia za umma zipatazo kilomita 225,000, zikatazo makonde, malisho na misitu, na pengine zipitazo hata uani mwa mwenye shamba, ambazo kila mtu, mwenyeji na mgeni, ana haki ya kuzipita kwa miguu bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyoziamuru halmashauri kuzichora njia hizo katika ramani rasmi, na ile ya mwaka 2000 ikaongeza haki ya kutembea katika milima na nyika nyingi zilizotajwa katika ramani. Wala haki hii haikutolewa kwa ihsani ya matajiri. Mnamo Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wa viwandani kutoka Manchester, walikipanda kwa makusudi kilima cha Kinder Scout, ambacho wenyewe walikuwa wamekifunga kwa ajili ya kuwinda ndege, wakapambana na walinzi, na watano miongoni mwao wakatiwa gerezani. Na baada ya miaka 19 kilima kile kikawa ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo. Waingereza mafukara waliambiwa maneno yale yale ambayo mumeo anajiambia leo, kwamba ardhi ina wenyewe na wao hawahusiki, nao wakakataa kuyasadiki.

Ukisha kumweleza hayo, mkabidhi ramani. Nunua ile ya Ordnance Survey iitwayo Explorer, ya mizani 1:25,000, au kaiulizie katika maktaba ya mji, umwache yeye na mwanao mkubwa waisome pamoja; wataona njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, na huko njiani watakuta vibao vyenye mishale, wa manjano ukiwa ni wa waendao kwa miguu, na wa buluu ukiwa ni wa njia ambayo hata wapanda farasi na baiskeli huruhusiwa. Baba aliyeisoma njia yake jana usiku hafadhaiki akitazamwa leo, na akiulizwa na mtu hutoa salamu, akaonyesha ramani, akapita.

Wala msiende mbali. Kutoka Reading, treni huwafikisha kituo cha Goring & Streatley kabla ya nusu saa; na kama nauli inawatia uzito, iko kadi ya reli ya familia ipunguzayo theluthi ya nauli ya mkubwa na asilimia 60 ya nauli ya mtoto, na huyo wa miaka 4 hupanda bure. Hapo mto Thames umepenya baina ya vilima vya Chilterns na vile vya Berkshire, na penye kijiji pana malango ya maji, ambamo mashua huingia, lango likafungwa nyuma yake, maji yakajazwa au yakapunguzwa, nayo ikapanda au ikashuka mbele ya macho ya watoto. Ng'ambo ya pili, juu ya Streatley, kipo kilima cha Lardon Chase, mali ya National Trust, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1895 ili ardhi kama hiyo ibaki wazi kwa watu wote. Mteremko wake ni mkali, basi baba na wakubwa wawili waupande, wewe na mdogo mbaki mtoni pamoja na bibi yao.

Ama mama mkwe wako, asemayo ni kweli: hapana haja ya mtu wa Pemba kusafirishwa hadi Ulaya kuonyeshwa majani. Lakini wajukuu zake hawakuzaliwa shamba, nao hawana mwingine nyumbani wa kuwafundisha yale ayajuayo. Mwombe aende kama mwalimu. Angani hapo Goring atawaona mwewe, ambao walikuwa wametoweka katika vilima vya Chilterns hata walipoletwa wengine kutoka Hispania kuanzia mwaka 1989, naye anayo mengi ya kuwahadithia watoto juu ya mwewe na vifaranga. Mkienda mwishoni mwa Agosti mtakuta katika nyua za miiba matunda meusi ya mwituni, mfano wa forosadi, ambayo mpita njia aruhusiwa kuchuma ya kula. Na kwa safari ya pili mpelekeni Woking, penye msikiti uliojengwa mwaka 1889. Aswali hapo adhuhuri, kisha mtembee hadi nyika ya Horsell, walipozikwa askari Waislamu wa Bara Hindi waliofia Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kabla ya kuhamishiwa Brookwood; na hapo Horsell leo pana bustani ya kuwakumbuka. Atawasomea Fatiha, na watoto watajua kwamba mashamba hayo yamewajua Waislamu tangu zamani.

Njia nazo zina haki zao. Liacheni kila lango kama mlivyolikuta, msikanyage mazao, msipite baina ya ng'ombe na ndama wake, na taka zenu mrudi nazo. Chukueni jamvi, chupa ya chai, sambusa na kababu, makoti ya mvua na viatu vya mpira, kwa kuwa matope hayakosekani hata siku ya jua.

La mwisho ni lako wewe. Mkirudi salama, usimwambie mumeo kwamba uliyasema tangu zamani. Mwache yeye awasimulie jirani jinsi alivyowaongoza. Akikataa bado, mwombe ridhaa uende na watoto na bibi yao, kisha urudi na habari njema bila ya lawama. Yeye ni mtu wa zamu za usiku, basi usimkatize usingizi wake: tazama ratiba ya kazi, mchague pamoja siku yake ya mapumziko, muiandike ukutani watoto waione, na mvua ikiwazuia siku hiyo, isogezeni mbele wiki moja, wala msiifute.

Mshauri wenu