Seli Shina na Kano ya Farasi

Farasi mwenye uzito wa kilo 500 aendapo shoti, hufika wakati katika kila hatua ambapo uzito wake wote, pamoja na kishindo cha mwendo, huangukia mguu mmoja tu wa mbele. Chini ya goti mguu huo hauna msuli wa maana. Una mifupa, ngozi na kano. Ndiyo sababu farasi aliyeumia kano mara nyingi huwa amefika mwisho wa mbio zake. Makala haya yaeleza jinsi kano hiyo inavyotibiwa kwa seli shina, na jinsi ya kupima kama tiba imefaa kweli.

KANO NA KAZI YAKE

Kano ni kamba iungayo msuli na mfupa. Imefanywa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizolala sambamba mfano wa katani katika kamba. Kano ipitayo nyuma ya mguu wa mbele ni kama springi: kwato ikanyagapo, kano hurefuka na kuhifadhi nishati, kwato inyanyukapo, kano hujikunja na kuirudisha nishati hiyo. Katika shoti kali hurefuka kwa zaidi ya asilimia 10, kiasi kilicho karibu na mpaka wa kuchanika. Tena, sehemu ya nishati hugeuka joto. Kiini cha kano kimepata kupimwa kikafikia digrii 45 za sentigredi.

ILA YA KOVU

Kano iliyochanika hupona, lakini hupona kwa kovu. Nyuzi za kovu hazikulala sambamba, na kovu lina kolajeni ya aina ya tatu nyingi kuliko kano nzima, ambayo kolajeni yake karibu yote ni ya aina ya kwanza. Kovu halinyumbuki vya kutosha. Basi sehemu nzima zilizo jirani hulazimika kurefuka kupita kiasi, nazo huchanika. Taarifa za tiba za kawaida zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya farasi wa mbio walioumia hivyo waliumia tena.

SELI SHINA NA MATUMIZI YAKE

Seli nyingi za mwili zimekwisha kupata kazi maalumu. Seli shina bado: yaweza kugawanyika na kuzaa nyingine kama yenyewe, na zile zitokazo katika uboho zaweza kugeuka kuwa seli za mfupa, za gegedu au za mafuta. Mwaka 2003, Roger Smith na wenzake nchini Uingereza walitoa taarifa ya farasi wa mchezo wa polo aliyetibiwa kwa seli hizo. Hatua za tiba ni hizi:

(a) Uboho hufyonzwa kwa sindano kutoka mfupa wa kidari wa farasi mwenyewe.

(b) Seli shina hutengwa na kukuzwa katika maabara kwa muda wa wiki chache, hata zifikie milioni 10 au zaidi.

(c) Seli hudungwa ndani ya jeraha, daktari akiiongoza sindano kwa picha ya mawimbi ya sauti.

(d) Farasi hupewa mazoezi ya kuongezwa polepole kwa karibu mwaka mzima.

JE, TIBA IMEFAA?

Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya farasi wa mbio 113 waliotibiwa hivyo na kufuatiliwa. Walioumia tena walikuwa asilimia 27 tu. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: wamelinganishwa na nani? Wamelinganishwa na farasi wa taarifa nyingine, waliotunzwa na watu wengine. Pengine mapumziko marefu ndiyo yaliyowaponya, wala si seli.

Ili kuondoa shaka ya namna hiyo, lahitajika kundi la kulinganishia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, farasi 12 waligawanywa kwa bahati nasibu: 6 walidungwa seli shina, na 6 walidungwa maji ya chumvi. Baada ya miezi 6 kano zilitolewa na kupimwa. Zile zilizopata seli zilikuwa zimekaribia zaidi hali ya kano nzima, kwa unyumbukaji na kwa mpango wa nyuzi. Huo ni ushahidi bora, ingawa farasi walikuwa wachache na hawakurudishwa mbioni.

Jambo moja liliwashangaza wataalamu. Ilidhaniwa kwamba seli zilizodungwa zingegeuka kuwa seli za kano. Zilipotiwa alama na kufuatiliwa, nyingi zilitoweka upesi. Wengi sasa huona kwamba faida yake hutokana na kemikali zinazozitoa, ambazo hutuliza uvimbe na kuamsha seli za mahali hapo. Kwa hiyo tiba yaweza kuwa na manufaa hata kama dhana iliyoizaa ilikuwa na kasoro.

Elimu hii haiishii kwa farasi. Kano ya kisigino cha binadamu nayo ni springi, nayo hupona kwa kovu.

MASWALI

1. Kwa nini kovu gumu huhatarisha sehemu nzima za kano?

2. Eleza kwa nini kundi la pili lilidungwa maji ya chumvi badala ya kuachwa bila sindano.

3. Taarifa ya mwaka 2012 ilikuwa na farasi wengi kuliko jaribio la mwaka 2013. Ipi ina ushahidi wenye nguvu zaidi? Toa sababu.