Ukuta Ambao Wewe Huna

Umeshawahi kutafuna karoti mbichi ya Lushoto? Ule mlio wa kacha-kacha ni kuta za seli zinavunjika. Kila seli ya mmea ina utando laini unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Nje ya utando kuna ukuta mgumu wa selulosi. Seli zako zina utando tu.

Bakteria nao wana ukuta, ila si wa selulosi. Amoksilini huwazuia kuujenga. Wanavimba kwa maji, wanapasuka. Wewe huna ukuta, kwa hiyo hupasuki.

Sasa baridi ya Julai imekushika, una mafua, mbio duka la dawa kununua amoksilini. Ya nini? Virusi vya mafua havina ukuta! Utaua bakteria wa tumboni tu, na wale sugu watabaki wakizaana.