Kukata Stika Bila Mkeka: Somo kwa Vikundi Vyenye Mashine Ndogo ya Kukatia



Katika mizunguko yetu ya Kitengela, Isinya na Kajiado mjini tumekutana na vikundi vilivyochanga pesa vikanunua ile mashine ndogo ya kukatia, ya kuwekwa juu ya meza, inayoendeshwa na simu au kompyuta. Kazi zake mnazijua: majina ya watoto kwenye chupa za maji za shule, maandishi ya fulana za jumuiya, stika za boda boda, lebo za asali. Na swali tunaloulizwa ni lile lile. Mkeka umeisha gundi. Kununua mwingine ni pesa, na lazima mtu apande gari hadi Nairobi. Je, tunaweza kukata bila mkeka?

Tumeona afadhali tuliandike kama somo, kwa sababu majibu yanayopita mitaani ni mawili na yote yanakula pesa ya kikundi. Wengine wanasema bila mkeka haiwezekani kabisa, basi mashine inafunikwa leso na kusukumwa chini ya kitanda cha mwenyekiti. Wengine wanasema mkeka ni ujanja wa wenye kampuni, utupe ukate chochote. Wiki mbili baadaye kisu kimevunjika, karatasi imejisokota ndani, na mkutano unaofuata ni wa kulaumiana.

Mkeka unafanya nini

Kwa wale hawajauona, mkeka huu si wa kulalia wala wa kuanika mahindi. Ni plastiki nyembamba inayopindika, upana wa inchi 12 hivi, yenye gundi hafifu upande mmoja. Unabandika karatasi au kitambaa juu yake, halafu unaingiza vyote viwili kwa mashine. Ndani kuna magurudumu madogo yanayobana na kuvuta mbele na nyuma, huku kisu kikienda kushoto na kulia. Kwa mienendo hiyo miwili mashine inachora herufi yoyote unayotaka.

Sasa angalieni vizuri, kwa maana somo lote liko hapa. Mkeka unayapa magurudumu kitu cha kubana. Unashikilia vipande vilivyokwisha katwa visihame. Tena unaipokea ncha ya kisu ikitoboa, isikwaruze mashine. Ukiutoa mkeka, lazima kuwe na kitu kingine cha kufanya kazi hizo tatu. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama inawezekana kukata bila mkeka, nawe muulize: unakata nini?

Stika inakuja na mkeka wake mgongoni. Ile ya roli ina karatasi laini nyuma ambayo hutupwa baada ya kubandua. Stika ya fulana, ile ya kupigwa pasi, ina plastiki angavu. Mgongo huo ukiwa mpana kufikia magurudumu, unabanwa sawasawa, unashikilia herufi, na unapokea kisu. Kisu kinatakiwa kukata stika peke yake na kuuacha mgongo mzima. Wanaume wa Kajiado hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Anayechuna mbuzi anapitisha kisu kati ya nyama na ngozi bila kuitoboa ngozi, kwani ikitobolewa mnunuzi anapunguza bei. Ni mkono ule ule.

Na si jambo geni. Tazameni matatu za Kitengela kwenda Nairobi, majina yake na namba za njia. Maandishi mengi ya namna hiyo ni stika iliyokatwa kwa mashine kubwa ambayo mafundi wanaiita plota, na plota inakula stika moja kwa moja kutoka kwa roli. Mkeka haijui. Mashine yetu ya mezani ni ndugu mdogo wa plota, ila imelelewa kwa mkeka kwa sababu watu wa nyumbani wanataka pia kukata karatasi na vitambaa.

Soma jina la mashine kabla ya kutoa pesa

Si kila mashine itakubali. Kampuni ya Cricut ya Marekani ilitoa Joy mwaka 2020, kisha Explore 3 na Maker 3 mwaka 2021. Hizi zinakata bila mkeka vifaa maalum ambavyo kampuni yenyewe inauza kwa jina la Smart Materials. Vya Explore 3 na Maker 3 vina upana wa inchi 13, na stika inaweza kufika futi 12 kwa mkato mmoja. Ndugu zao wakubwa, Explore Air 2 na Maker ya kwanza, zilitengenezwa zitumie mkeka. Nyingine ni Silhouette Cameo. Kwa hiyo, gurudumu moja linasogezwa kufuata upana wa stika, na kwenye programu yake unachagua kwamba hakuna mkeka. Basi hata stika ya kawaida ya roli inaingia, mradi upana unalingana.

Tunasema haya kwa sababu mashine nyingine hufika kama zawadi kutoka kwa jamaa walioko ng'ambo, au zinauzwa zikiwa zimetumika. Mtu anaona rangi nzuri anasema zote ni moja. Si moja. (Na mkiwa hapo, someni maandishi ya adapta kama inakubali volti 240 za stima yetu.)

Namna ya kukata

Anzeni kwa kunyoosha ukingo wa stika kwa rula na kisu, uwe mraba kabisa. Stika iliyoingia upande kidogo tu, ikifika futi mbili ndani imeshatoka kwenye gurudumu. Mkeka una mistari ya kuwaongoza, lakini sasa hakuna, kwa hiyo macho yenu ndiyo mistari. Acheni nafasi ya inchi moja kila upande ambapo hakuna herufi, na nyingine mwishoni.

Pili, kunjueni stika yote mtakayohitaji kabla ya kubonyeza. Roli nzito ikivutwa na mashine inagoma, magurudumu yanateleza, na herufi zinapandana. Halafu angalieni nyuma ya meza. Mashine inasukuma stika nyuma kama inavyoivuta mbele. Katika chumba kidogo cha kukodi pale Kitengela meza huwa imegusana na ukuta, basi stika inagonga ukuta na kurudi ikiwa imekunjika. Ivuteni meza katikati ya chumba.

Ndipo mje kwenye kisu. Msianze na kazi ya mteja. Kateni mraba mdogo kwenye kona, kama ukucha, kisha mubandue. Stika ikitoka safi na mgongo wake ukabaki na alama hafifu tu, hapo ni sawa. Mkigeuza karatasi na kuona mkato umetokea upande wa pili, kisu ni kirefu mno au kinabonyeza sana. Punguzeni, jaribuni tena. Stika isipobanduka, ongezeni kidogo. Jaribio hili mlifanye kila mnapofungua roli mpya, hata kama imetoka duka lile lile, maana mgongo wa stika haulingani siku zote. Penye mkeka, kisu kikizidi kinakwaruza mkeka. Pasipo mkeka kinakwaruza mashine, na vipande vinaangukia ndani.

Kisha mnachambua, yaani kutoa mabaki, kama vile mnavyochambua mboga. Kazi hii ipewe wenye subira. Tumeona akina mama waliozoea kutunga shanga wakiimaliza kabla vijana hawajapata ncha ya kuanzia.

Vumbi ni adui wa huku kwetu, zaidi wakati wa kiangazi malori yakipita na upepo ukivuma kutoka mbugani. Vumbi ndilo linalomaliza gundi ya mkeka haraka, na hii ni sababu nzuri ya kuuacha pale inapowezekana. Lakini hata bila mkeka vumbi likikaa kwenye magurudumu, stika inateleza. Pangusa kwa kitambaa kikavu kabla ya kazi, funika mashine baada ya kazi.

Halafu stima. Ikipotea katikati ya mkato, mashine inasahau ilipokuwa. Ukitoa stika na kuirudisha hutapata tena mahali pale pale. Kwa hiyo, ingawa mashine inaweza kukata futi nyingi kwa mara moja, sisi tunashauri mkate kidogo kidogo. Afadhali kupoteza jina moja kuliko majina arobaini ya darasa zima.

Fulana

Stika ya fulana ni rahisi kuliko zote bila mkeka kwa sababu plastiki yake ni imara. Mambo mawili tu yanasumbua watu. Upande wa kung'aa, ambao ndio mgongo, unalala chini. Na maandishi yanageuzwa kwenye programu kabla ya kukata, yaonekane kama kwenye kioo. Asiyegeuza atapata fulana ishirini ambazo zinasomeka na mtu aliye ndani ya nguo. Kupiga pasi, weka kitambaa chembamba juu, bonyeza bila kusugua, bila mvuke. Pasi ya makaa inaweza, lakini moto wake haupimiki, kwa hiyo jaribuni kwanza kwenye kitambaa cha zamani.

Mahali ambapo mkeka lazima

Kadi za arusi, karatasi ngumu, kitenge: hivi havina mgongo. Karatasi ikikatwa bila mkeka kona inainuka, kisu kinaikokota, kipande kinaingia chini ya gurudumu. Msidanganyike. Kwa kazi hizo tunzeni mkeka mlio nao. Uosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, uanikeni kivulini (jua la Kajiado linaupinda), na ukikauka rudishieni plastiki yake ya kufunika. Gundi ikiwa imelegea, bado mnaweza kushika kingo za karatasi kwa tepu ya karatasi.

Ngozi ndiyo inayotuuma zaidi, maana hapa kwetu ndiyo mali. Mashine hizi ndogo hazitakata ngozi nene ya mshipi au ya kiatu, na bila mkeka hata nyembamba msijaribu. Iko njia nyingine. Kateni umbo kwa stika, bila mkeka, mlibandike upande wa nyuma wa ngozi, kisha fundi afuate mstari kwa kisu chake juu ya ubao. Maumbo ishirini yatafanana, na shanga zitakaa mahali pamoja kwa kila moja. Mashine inachora, mkono unakata.

Njia hiyo hiyo inafaa kuandika jina la kikundi kwenye viti na mahema ya kukodisha. Kata stika, toa herufi badala ya mabaki, bandika kilichobaki kwenye kiti, puliza rangi, bandua. Viti vyenu havitachanganyika na vya kikundi kingine kwenye mazishi.

Hesabu

Yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara aliketi kwanza akahesabu gharama. Tufanye hivyo. Tuseme mkeka umewagharimu shilingi 1,200 na unachoka baada ya kazi 30. Hiyo ni shilingi 40 kwa kila kazi. Sasa tuseme mnaacha mkeka, lakini mashine yenu inataka stika maalum ya kampuni, ambayo kwa kazi moja inazidi ile ya kawaida kwa shilingi 150. Mmeokoa 40 mkatoa 150. Kila kazi inawapunguzia 110, na kwa kazi 30 ni shilingi 3,300. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni zenu. Mwenye Cameo na stika ya kawaida anaweza kupata jibu tofauti kabisa. Ndiyo maana hatusemi kuacha mkeka ni akiba. Kwa kikundi kimoja ni akiba, kwa kingine ni hasara inayokula polepole, na mwekahazina haioni kwa sababu haiandikwi mahali popote.

Neno moja kwa vijana: nembo za timu za Ulaya na za kampuni za viatu zina wenyewe. Kikundi kilichosajiliwa kisijitie kwenye kuzikata na kuziuza.

Kwa mkutano wenu ujao, mwekahazina alete daftari, na anayeendesha mashine alete orodha ya kazi za miezi mitatu iliyopita. Zigawanyeni: zenye mgongo upande mmoja, zisizo na mgongo upande mwingine. Mjadiliane ni upande gani uliingiza pesa, nani aliyefanya kazi ya kuchambua na kama alilipwa, na kama mngenunua leo mngechagua mashine ile ile. Vikundi ambavyo bado havijanunua vifanye zoezi hili kwa kazi ambazo majirani wameshaomba, siyo zile wanazotumaini. Majibu na maswali yaleteni kwa ofisi ya maendeleo ya parokia yenu, pamoja na kipande cha stika mliyoikata vibaya ikiwezekana, tuangalie mgongo wake pamoja.