Somo: Mbele ya kukodi elevateri, mupite kwanza kwenye kiwanja



Mara hii hatutaongea mbegu wala mbolea. Tutaongea masini ambayo koperative nyingi zimeanza kuiulizia: elevateri, ile yenye mikono miwili ya chuma mbele, inayonyanyua muzigo na kuupandisha kwenye kamio. Mukinunua masini ya kukoboa mupunga, ama mukipokea mbolea katika begi za tone moja, siku moja mutu atasimama kwenye mukutano na kusema: «Tukodi elevateri.» Somo hili ni la siku ile.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache nyuma, koperative moja ya wakulima wa mupunga, kwenye bonde la Ruzizi, ilikuwa inangojea masini ya kukoboa pamoja na gurupu ya umeme. Kila kimoja kilipita tone moja. Komite iliniomba shauri, nikajibu: kodini elevateri siku moja, itatosha. Niliangalia bei, niliangalia nguvu ya masini. Udongo sikuuangalia. Ilikuwa mwezi wa 11, na mvua ilinyesha usiku muzima. Asubuhi elevateri ilitembea kama metre kumi, magurudumu ya mbele yakazama. Ilikaa pale siku mbili, mpaka tulipoleta mawe, mabao na vijana wa kuchimba. Na kontra ilisema malipo ni kwa siku, masini itumike ama isitumike. Tulilipa siku tatu kwa kazi ya saa mbili. Feza ilitoka katika sanduku ya mbegu. Hakuna aliyenitukana. Mama mutunza feza aliniuliza neno moja tu: «Agronome, wewe ulipita kwenye kiwanja?» Sikuwa nimepita.

Basi, tujifunze pamoja.

1. Fanya hesabu kwanza

Tuchukue mufano. Bei hizi ni za kufundishia tu, ninyi mutaweka za kwenu. Muko na tone 20 za muhindi, maana yake mifuko 400 ya kilo 50. Wabebaji wanaomba dola 0,25 kwa mufuko: jumla dola 100. Elevateri inaomba dola 160 kwa siku. Kuileta na kuirudisha juu ya kamio: dola 240. Mazutu, litre 3 kwa saa, saa 8, dola 1,5 kwa litre: dola 36. Jumla dola 436. Kila mufuko unapita dola 1. Ni hasara.

Na kama koperative tatu zinaungana, zikiwa na tone 120, ni kusema mifuko 2 400, kwa siku mbili? Kuleta na kurudisha 240, siku mbili 320, mazutu 72: jumla dola 632. Kila mufuko unakuja karibu dola 0,26. Ni sawa na wabebaji. Lakini angalia vizuri: elevateri haibebi mufuko mumoja mumoja. Inabeba paleti, na watu ndio watapanga mifuko juu ya paleti. Watu hao nao wanalipwa.

Kwa hiyo tusidanganyane. Elevateri haikodiwi juu ya mifuko. Inakodiwa juu ya kitu ambacho mikono haiwezi: masini, gurupu, begi ya tone moja. Ama wakati kamio inawangojea na kila siku ya kungoja iko na malipo. Kwa mifuko, muangalie kwanza njia zingine. Mufuko usiwe muzito kupita kiasi: tangu mwaka 1967, Shirika la Kimataifa la Kazi linashauri muzigo wa mwanaume mukubwa usipite kilo 55. Kama depo ina simenti laini, transipaleti ya kusukuma na mikono inabeba mpaka tone 2 bila mazutu. Na kwa kushusha kitu kimoja kizito, ulizia kamio yenye mukono wa kunyanyulia: inaleta muzigo na kuushusha yenyewe, hakuna masini ya pili ya kusafirisha.

2. Udongo, mulango, njia

Elevateri ya kubeba tone 2 na nusu, yenyewe inakaribia tone 4. Ikibeba muzigo, inapita tone 6, na sehemu kubwa ya uzito inalalia magurudumu mawili ya mbele. Magurudumu yale ni madogo na tumbo iko karibu na chini. Njo maana inazama. Imetengenezwa kwa simenti, haikutengenezwa kwa matope. Zipo zingine zenye magurudumu makubwa kwa udongo. Kama kiwanja chenu ni cha udongo, muombe ile.

Mbele ya kusaini, watu wawili wa komite wapite njia yote kwa miguu, kutoka pale kamio itasimama mpaka pale muzigo utakaa. Wapime mulango, upana na urefu wa juu. Waangalie waya za umeme, mifereji, mashimo, simenti iliyopasuka. Wapite tena kisha mvua.

3. Soma kibao cha masini

Kila elevateri iko na kibao cha chuma kinachosema inabeba kilo ngapi. Lakini kilo zile ni kwa muzigo ambao katikati yake iko karibu, mara nyingi sentimetri 50 kutoka pale mikono inaanzia. Muzigo murefu, kama gurupu ya metre 2, ukiubeba kwa upande wa mwisho wake, katikati inafika metre moja. Hapo masini ya kilo 2 500 haibebi tena kilo 2 500, inashuka sana. Ni kama kushika ndoo ya maji: karibu na kifua haichoshi, ukinyoosha mukono inakushinda. Na ukipandisha muzigo juu, nguvu inapungua tena na masini inaweza kupinduka. Kama kibao hakisomeki, ukatae masini.

4. Kontra iandikwe

Maneno ya mudomo yanapotea. Andikeni haya:
– Malipo ni kwa saa ao kwa siku? Kama ni kwa saa, ni saa ya mukononi ao kompteri ya motere? Soma kompteri mbele na kisha kazi, pande zote mbili zisaini.
– Siku ya mvua, ama siku masini imeharibika, nani analipa?
– Nani anatoa mazutu, usafiri, na chakula cha shofere?
– Gurudumu likipasuka, ama muzigo ukianguka, nani anabeba hasara? Asiranse iko?
– Shofere anatoka wapi? Kukodi na shofere wa mwenye masini ni heri kuliko kutafuta kijana anayejua kuendesha gari tu.

Masini ikifika, piga picha kwa simu: magurudumu, mikono, minyororo, mafuta yanayovuja. Ndiyo itawalinda siku ya kurudisha.

5. Siku ya kazi

Hapa si feza tena, ni maisha. Mutu asipite chini ya muzigo. Mutu asipande juu ya mikono ili «kusaidia» muzigo usimame: wengi wanafanya vile, na akiteleza hakuna cha kumushika. Masini ikitembea, mikono ibaki sentimetri 15 ama 20 juu ya udongo. Kwenye mulima, muzigo ukae upande wa juu; kushuka ni kwa nyuma. Shofere afunge mukaba, na masini ikipinduka asiruke: ashikilie, maana anayeruka analaliwa nayo. Ndani ya depo iliyofungwa, moshi wa motere unaua, mufungue milango. Watoto wakae mbali, na mutu mumoja peke yake atoe alama kwa shofere.

Maulizo ya kuongelea katika kikundi

1. Depo yetu iko na simenti ao udongo? Mwezi gani kiwanja kinakauka?
2. Mwaka huu tutapokea kitu gani ambacho watu sita hawawezi kunyanyua?
3. Koperative gani ya jirani inaweza kugawana na sisi bei ya usafiri?
4. Nani wawili watapita kwenye kiwanja?

Ulizo la ine ndilo la kwanza kujibiwa. Andikeni majina mawili katika kitabu cha mukutano, leo. Sisi wa kazi ya shauri tunakuja na hesabu, lakini kiwanja ni chenu, na matope yake munayajua kutupita.