Dondoo muhimu: Kabla hujatupa padi ukutani

Umepata Super Mario Bros. ya 1985, unacheza nyumbani, na kila jioni unakufia palepale. Si mikono yako. Michezo ya enzi ile ilirithi tabia ya mashine za sarafu: ufe upesi, ulipe tena. Tena ilikuwa mifupi. Ugumu ndio uliofanya idumu.

Mario akiishiwa na roho zote, usianze upya. Kwenye skrini ya mwanzo shikilia A, kisha bonyeza Start: utarudi mwanzo wa dunia uliyofia. Pale hatua ya 3-1, karibu na mwisho, kuna kobe wanaoshuka ngazi. Mrukie mmoja kwa mpigo sahihi, gamba lidunde ukutani na kurudi chini ya miguu yako, nawe utavuna roho mfululizo. Tamaa mbele, mauti nyuma: ukipita 127 hesabu inapinduka, na kifo kimoja kinamaliza mchezo.

Contra, mchezo mwingine wa enzi zile, inakupa roho 3 tu, na risasi moja inatosha kukuua. Skrini ya jina ikitulia: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, Start. Unapata 30. Wengine huita wizi. Mimi naita haki.

Kaseti ikigoma, usiipulize, mate hutia kutu. Futa vumbi kwa pamba yenye spiriti kidogo, ikauke.

Na kabla ya kuanza, ulizia umeme. Ukikatika ukiwa hatua ya 8-4 ya Mario, unarudi 1-1. Kaseti ile haihifadhi kitu.