Lugha Moja kwa Walimwengu Wote: Maswali na Majibu

Kadiri maarifa ya falaki yanavyozidi kupanuka, ndivyo watu wengi wanavyozidi kuuliza iwapo wanadamu, ili wafikilie daraja ya juu ya ustaarabu, hawana budi kuziacha lugha zao zipatazo elfu saba na kuishika moja tu. Yafuatayo ni maswali yaulizwayo aghalabu juu ya jambo hilo, pamoja na majibu yake.

Swali: Je, ni sharti ustaarabu ulioendelea sana uwe na lugha moja?

Jibu: Rai hii hufungamanishwa na jina la Nikolai Kardashev, mwanafalaki wa Urusi ya Kisovieti, ambaye mwaka 1964 alipanga daraja tatu za ustaarabu: wa kwanza wenye nguvu zinazokaribiana na zile za dunia yetu, wa pili uliomiliki nguvu za nyota yake nzima, na wa tatu uliomiliki nguvu za galaksi yake yote. Walakin yeye alipima nguvu, wala hakupima lugha; waliokuja baadaye ndio walioongeza habari ya lugha moja, na hakuna hoja ithibitishayo kwamba wingi wa nguvu huzaa uchache wa lugha. Lililo dhahiri ni kwamba kazi za sayari nzima, kama vile kuzuia maradhi yavukayo mipaka au kuongoza ndege angani, zataka watu waelewane, na watu waweza kuelewana pasipo kila mmoja kuacha lugha aliyolelewa nayo.

Swali: Dola kuu za kale zilifanyaje?

Jibu: Mwaka 1887, huko Amarna katika nchi ya Misri, vilifukuliwa vibao vya udongo, mia tatu na ushei, vyenye barua za karne ya 14 kabla ya Kristo baina ya mafirauni na wafalme wa Babeli, wa Mitanni na wa Wahiti, pamoja na watawala wadogo wa Shamu. La kustaajabisha ni kwamba Firauni, ijapokuwa dhahabu yake iliombwa na wafalme hao wote, aghalabu hakuwaandikia kwa Kimisri, bali kwa Kiakadi, lugha ya Babeli, kwa kuwa makarani wa kila baraza walikuwa wamekwisha kuisoma. Kadhalika wafalme wa Uajemi wa kale, ambao himaya yao ilitoka mipaka ya Bara Hindi hata Misri, waliendesha sehemu kubwa ya diwani zao kwa Kiaramu, lugha ya raia waliowashinda kwa upanga. Twajifunza basi kwamba lugha ya pamoja haikuwa lazima iwe lugha ya mwenye nguvu: ilikuwa lugha iliyokwisha kuzoewa na makarani na wafanya biashara, nayo ilifanya kazi yake ilhali Firauni alibaki na Kimisri chake na Mwajemi na Kiajemi chake.

Swali: Na lugha zilizobuniwa kwa makusudi, mbona hazikuenea?

Jibu: Johann Martin Schleyer, padri Mkatoliki wa Ujerumani, alibuni Volapük mwaka 1879, ikaenea upesi, kisha ikaporomoka upesi vilevile, kwa sababu mwasisi alishikilia kwamba neno la mwisho ni lake peke yake, na wafuasi waliotaka kuitengeneza wakafarakana naye. L. L. Zamenhof, tabibu wa macho aliyezaliwa Białystok, mji ambamo Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani walitazamana kwa uadui, alitoa kitabu cha Kiesperanto huko Warsaw mwaka 1887, naye akajivua umiliki akaiacha lugha mikononi mwa waitumiao. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya Kiesperanto kuwa hai hata leo. Pamoja na hayo, shauri la kuifundisha mashuleni lilipofikishwa mbele ya Shirikisho la Mataifa katika miaka ya 1920, Ufaransa ililipinga vikali, na hata sasa hakuna dola iliyoifanya lugha ya kazi. Ilikuwa na insafu na wepesi, lakini haikuwa na bandari wala soko ambamo mtu angelazimika kuisema ili apate riziki yake.

Swali: Kwa nini basi tusikubali Kiingereza, ambacho kimekwisha kuenea?

Jibu: Kwa kazi nyingi tumekwisha kukikubali, wala si busara kukana manufaa yake. Dhuluma iliyomo ni kwamba aliyezaliwa nacho huingia katika majadiliano akiwa mwenyeji, hali mwenzake, hata awe mwanachuoni mkubwa, hutumia miaka mingi ya umri wake kujifunza, kisha akapimwa kwa matamshi yake kabla ya kupimwa kwa fikira zake. Lugha ya walimwengu inayostahili jina hilo ni ile ambayo kila mtu, au walio wengi, waijia kwa kujifunza.

Swali: Je, lugha moja italeta amani?

Jibu: Haitoshi. Wanyarwanda karibu wote walisema Kinyarwanda mwaka 1994, na Wasomali walio wengi walisema Kisomali serikali yao ilipoanguka mwaka 1991. Kuelewana maneno hakukuzuia damu kumwagika. Amani huletwa na uadilifu, na lugha ya pamoja ni chombo tu mikononi mwa waadilifu.

Swali: Kiswahili kina funzo gani katika jambo hili?

Jibu: Kina funzo kubwa kupita lugha nyingi, kwa kuwa wazaliwa wake wa asili ni wachache wa pwani na visiwa, na waliojifunza ni mamilioni mengi toka Mombasa hata Kongo, ambao wengi wao wangali na lugha za mama zao. Misafara ya biashara iliieneza lugha hii bara kabla ya serikali yoyote kuitungia sheria. Hata hivyo usanifu wake ulikuwa na gharama, kwani mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi, Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, lahaja za washairi wakubwa, ziliachwa kando ya vitabu vya shule. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, nasi tukifurahia heshima hiyo tusiwafanyie wengine yale waliyofanyiwa washairi wa Lamu.

Swali: Na siku tutakapozungumza na viumbe wa nyota nyingine, tutasema kwa lugha gani?

Jibu: Salamu zimekwisha kwenda. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977, vimechukua sahani za shaba zilizopakwa dhahabu, zenye salamu katika lugha 55, mojawapo ikiwa Kiakadi kile kile cha barua za Amarna, na nyingine Kiganda, Kinyanja na Kisotho, ingawa Kiswahili hakimo. Waliozitayarisha walijua kwamba msikilizaji huenda asifahamu hata neno moja, wakaongeza picha na alama za hesabu, na bado waliona ni haki sayari hii ijitambulishe kwa sauti za watu wake wengi.

Swali: Basi sisi tufanye nini?

Jibu: Mtoto na aanze masomo kwa lugha ya nyumbani kwake, kisha ajifunze ile ya jirani zake wengi, kisha moja ya masafa marefu, na serikali zilipe wafasiri na kuwapa walimu wa lugha daraja wanayostahili. Hiyo ni kazi ya bajeti na ya sheria za elimu, yaweza kuanza mwaka huu, wala haihitaji kwanza kumiliki nguvu za jua.